Nusu Lita

Ngamiani barabara hazina majina, zina namba,
kama matoleo.
Sisi tulikuwa Barabara ya Kumi na Tatu, juu ya fundi baiskeli,
na Kibuyu kilikuwa toleo la nne nukta mbili
siku wenye seva walipoandika: kuanzia mwezi ujao
hifadhi hii ni ya kulipia.

Hela hatukuwa nayo. Wala ufunguo:
ufunguo anao Semkiwa,
na Semkiwa kapata kazi ya tai na kiyoyozi,
simu yake inaita hadi inachoka.
Basi tuhame.

Kuhama nyumba nakujua:
kitanda juu ya mkokoteni, godoro juu ya kitanda,
majirani wakikuhesabia sufuria kwa macho.
Kuhamisha msimbo hakuna anayekuchungulia.
Unaandika mstari mmoja, unabonyeza,
asilimia zinapanda ngazi kama mtu mwenye goti bovu.

Hozza akasema, tubebe toleo la mwisho tu.
Miaka sita yote ya nini, na bando lenyewe la kuungaunga?
Yaliyopita si ndwele.
Nani anahama na majivu ya jikoni?

Nikamfungulia historia.
Mabadiliko elfu moja mia nane na kumi na moja.
"Nimeanza." Hilo la Semkiwa, saa nane usiku.
"Nimerekebisha."
"Nimerekebisha tena."
"Sasa imepona, inshallah."
"Haijapona."
Moja la baada ya daku: "nimeshiba, nisilaumiwe."
Na tawi la Mwanakombo, halikuunganishwa hadi leo,
lile la kuisomea namba kwa sauti
mama asiyejua kusoma.
Alijifungua mapacha, tawi likabaki pale,
bichi.

Kisha badiliko la mia tatu na arobaini.
Mstari mmoja. Wangu.
Nilikata nukta ili safu za hesabu zipendeze.
Lita tatu na nusu ikawa tatu,
kila alfajiri, kituo cha maziwa cha Pongwe,
siku kumi na tisa,
hadi Bi Mwanamkasi alipopanda ngazi zetu
na daftari la shule lenye twiga kwenye jalada,
akalifunua juu ya kibodi yangu:
Mwanangu, ng'ombe wangu hajui namba nzima.

Badiliko la mia tatu arobaini na moja lina jina lake.
Hakuandika herufi hata moja.
Lakini kosa alilisoma yeye, kwa penseli,
na mashine ilikuwa bado inasema sawa, sawa, sawa.

Hozza hakujibu. Akatoa simu yake, akaniwashia bando lake.
"Beba yote. Aibu ina uzito gani?"
Megabaiti arobaini na mbili.
Nilipima.

Asilimia tisini na sita, umeme ukakatika.
Mtaa mzima ukasema aaah.
Chini, fundi aliendelea kunyoosha rimu gizani,
akigonga spoki moja moja, akisikiliza ipi imelegea.
Tukabaki na mwanga wa skrini, na betri, na simu ya Hozza
iliyokuwa imeshika moto kama chapati.
Tisini na saba.
Nilihesabu spoki. Thelathini na sita, akaanza upya.

Kulipokucha nilihesabu kule kupya:
elfu moja mia nane na kumi na moja.
Tawi bichi limo. Kosa langu limo.

Kule kwa zamani hatukuweza hata kuandika "tumehama",
ufunguo si kwa Semkiwa?
Atakayebisha hodi atakuta mlango wazi, kibuyu cha jana,
na hakuna wa kumwambia.
Nimebandika karatasi kwa fundi, anwani kwa wino mzito,
nikaazima baiskeli, nikaenda Pongwe
kubadilisha anwani kwenye mashine yao kwa mkono.

Foleni ya madumu ilishafika barabarani.
Bi Mwanamkasi hakuuliza habari za seva.
Huko mlikohamia, akasema, nukta ipo?
Ipo.
Akamimina.